Herufi moja ya DNA na vidole vya mtoto vilivyovimba

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, hapa magharibi mwa Uganda, huingia darasani na madaftari mawili, moja la jenetikia na jingine la fiziolojia, na wengi wao hufika mtihani wa mwisho bila kuona kwamba yote mawili yanaeleza jambo lilelile. Ndiyo maana muhula wangu huanzia maabara, kwenye tone moja la damu.

Tone hilo hutoka kwa mtu aliyekubali kutusaidia, mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao seli nyekundu za damu hujipinda kama mundu. Tunalichanganya na metabisulfiti ya sodiamu, kemikali inayoiondoa oksijeni, tunalifunika kwa kioo chembamba, kisha tunapaka vaselini kwenye kingo ili hewa isipenye. Mwanzoni seli nyekundu ni mviringo, zimebonyea katikati kama kitumbua kilichobonyezwa kwa kidole. Baada ya dakika kadhaa moja inachongoka ncha, ya jirani inajipinda, na hatimaye kila anayeinamia darubini anaona miundu midogo imetapakaa kila upande. Huwa nawaacha watazame bila kuwasemesha, kwa sababu swali la maana lazima litoke kwao: ni nini kilichobadilika humo ndani?

Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, imeundwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Jeni ya beta iko kwenye kromosomu ya 11, na kila mnyororo wa beta una asidi amino 146, yaani vipande vinavyojenga protini. Katika selimundu, neno la sita la maagizo ya jeni hiyo, ambalo huandikwa GAG, limeandikwa GTG. Kwa herufi hiyo moja, asidi glutamiki, ambayo ina chaji hasi na hupatana na maji, inaondoka na nafasi yake inachukuliwa na valini, ambayo hukwepa maji. Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni, tofauti hiyo haionekani. Ikishaitua, valini hupata mfuko wa kujificha kwenye molekuli ya jirani, jirani hushikana na mwingine, na nyuzi ndefu ngumu huinyoosha seli kutoka ndani.

Hapa ndipo ninapotumia saa nyingi zaidi kufundisha. Nyuzi hizo hazifanyiki papo hapo: kuna muda mfupi wa kusubiri, na kwa kawaida seli nyingi huwahi kupita kwenye kapilari, mishipa midogo kuliko yote, na kurudi mapafuni kuchukua oksijeni kabla muda huo haujaisha. Ugonjwa, kwa hiyo, ni mashindano kati ya muda huo na mwendo wa damu. Mtoto akiharisha au akipata homa, maji hupungua ndani ya seli, hemoglobini husongamana, na muda wa kusubiri hufupika mno; baridi nayo huibana mishipa midogo na kuichelewesha damu. Seli zilizokakamaa huziba njia, tishu iliyo mbele yake hukosa oksijeni, na hapo ndipo mama anapoona vidole vya mwanawe vimevimba na mtoto analia akiguswa mkono. Seli ya kawaida huishi takriban siku 120, lakini hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo sababu ya upungufu wa damu na macho ya manjano. Wengu, unaochuja damu, huziba mara nyingi hadi ukasinyaa, na mtoto hubaki bila kinga yake dhidi ya bakteria wabaya. Miezi ya kwanza huwa shwari kwa sababu hemoglobini ya mimba, ile ambayo mtoto hutoka nayo tumboni na isiyo na mnyororo wa beta, huzuia nyuzi kuungana. Kadiri inavyopungua, dalili hujitokeza.

Mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili wagonjwa aliniuliza, akiwa na mimba ya tatu: "Daktari, hawa wawili wameshachukua zamu ya ugonjwa, basi wanaofuata watakuwa wazima, si ndivyo?" Nilimjibu: "Mama, hakuna zamu." Yeye na mumewe wote wana jeni moja ya A, ile ya kawaida, na moja ya S, ile ya selimundu. Kila mbegu ya baba hubeba moja tu kati ya hizo, na yai vivyo hivyo, kwa hiyo uwezekano wa S kukutana na S ni nusu ya nusu, yaani robo, na robo hiyo huanza upya katika kila mimba, bila kujali waliotangulia walizaliwaje.

Kwa nini basi jeni yenye madhara haya haikupotea? Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alichapisha uchunguzi wa watoto 290 wa Kiganda waliokuwa wakiishi karibu na Kampala. Kati ya 43 waliokuwa na jeni ya S, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113. Anayebeba nakala moja huhimili malaria vizuri zaidi, na bei yake hulipwa na wale wanaorithi mbili. Miaka mitano kabla yake, watafiti Lehmann na Raper walikuta jeni hiyo kwa karibu asilimia 45 ya Waamba wa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, bondeni kwenye malaria kali. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016, uliopima damu ya watoto wachanga zaidi ya 97,000, ulikuta asilimia 13.3 wakiwa wabebaji na asilimia 0.7 wakiwa wagonjwa. Hawa 0.7 ni maelfu ya watoto kila mwaka.

Kipimo chetu cha kioo na vaselini hakiwezi kumtenga mbebaji na mgonjwa, maana seli za wote wawili hujipinda. Kwa hilo tunatumia elektroforesisi: hemoglobini huwekwa kwenye ukanda wenye umeme, nayo hukimbilia upande chanya. A, yenye chaji hasi zaidi, hutangulia. S, iliyopoteza asidi glutamiki, huchelewa. Ile ya mimba hukaa katikati. Yule mama alirudi na mtoto wake wa tatu akiwa na miezi mitano, tukasoma ukanda pamoja: S ilikuwepo nyuma, ya mimba katikati, na mbele kabisa, ukiwa mzito na dhahiri, mstari wa A.