Kagonga wa Nyuma, Lakini Kosa la Nani?

Gari ikiparamia nyengine kwa nyuma, hukumu hutoka kabla trafiki hajafika. Waliosimama kando ya njia, muuza machungwa na abiria wa daladala, wote husema mamoja: wa nyuma ndiye mkosa. Mara nyingi husema kweli. Ila sisi tunaokaa kwenye meza ya madai ya bima tunaichukulia kauli hiyo kuwa ni pa kuanzia tu. Kosa linaweza kugawanywa kati ya madereva wawili, na mara chache humrudia wa mbele lote. Kinachoamua ni ushahidi, na mwingi wake hupotea ndani ya nusu saa ya mwanzo.

Kwanza tuone kwa nini wa nyuma ndiye anayeangaliwa kwanza. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Mtu wa kawaida huhitaji kama sekunde moja na nusu toka kuona hatari hadi mguu kukanyaga breki, na hapo mita 21 zimeshakwisha. Breki zenyewe, kwenye lami kavu na tairi nzima, hutaka mita 14 nyengine. Kwenye lami ya masika, 25 au zaidi. Sasa tazama nafasi inayoachwa baina ya gari na gari njia ya Bububu, hapa Unguja, saa moja asubuhi. Vespa haipiti. Kipimo chepesi ni kuchagua nguzo: gari ya mbele ikiipita, hesabu sekunde mbili kabla na wewe hujaifikia, na mvua ikinyesha ziwe nne.

Kwa hiyo utetezi wa "kafunga breki ghafla" peke yake hauna uzito. Dereva wa mbele ana haki ya kusimama mtoto akikatisha, mbuzi akitoka, au kima punju wakivuka pale Jozani, ambako matuta yamewekwa kwa ajili yao na kila mpitaji anajua. Pemba wakati wa karafuu, majamvi yaliyoanikwa ukingoni huibana njia, na anayekufuata anatakiwa akutarajie usimame. Hata daladala inayosimama papo hapo kwa sababu abiria kasema "shusha", ingawa inaudhi na dereva wake anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama, haikufutii wewe wajibu wa kuacha nafasi.

Upande wa pili ndiko kwenye mabishano ya kweli. Wa mbele huwa na kosa akikuchomekea kisha akafunga breki kabla hujapata nafasi ya kurudi nyuma. Huwa na kosa akiegesha usiku ndani ya njia bila ya taa wala pembetatu, au akitembea na taa za breki zilizokufa. Na huwa na kosa akirudi rivasi. Pemba kuna la zaidi: lori lililosimama kwenye mlima na breki ya mkono iliyochoka huporomoka taratibu likamkuta aliye nyuma, kisha dereva wake akashuka kwa ukali akidai kagongwa.

Watu hudhani katika kesi kama hiyo ni neno la huyu dhidi ya la yule. Sivyo. Gari zenyewe zinasema. Gari inayofunga breki kwa nguvu huinamisha pua, kwa hiyo ikigonga, mara nyingi huingia chini ya bampa ya mwenzake, na michubuko kwenye gari ya mbele hukaa chini kuliko kimo cha kawaida. Iliyosimama ikaporomokewa haikuinama; bampa hukutana kimo kwa kimo. Anayedai kuchomekewa tunamuangalia pembe: aliyeingia kwa ubavu hugongwa kona ya nyuma, na rangi hukwaruzika kwa mshazari. Aliyekuwa mbele muda wote kwa kawaida hupigwa sawasawa katikati. Vioo vilivyovunjika na udongo uliodondoka chini ya gari huonesha mahali hasa zilipokutana, na alama za tairi huonesha nani alifunga breki na kuanzia wapi.

Hata taa husema. Balbu ya kawaida ikipigwa wakati inawaka, ule uzi wake wa ndani uliopata moto huvutika na kupinda. Ikipigwa imezimwa, uzi hukatika mkavu. Mkaguzi mzoefu anaweza kujua kama taa ya breki ilikuwa inawaka. Taa za kisasa za LED hazina uzi huo, lakini gari nyingi tunazoziona hapa bado zina balbu, na inasikitisha ni ngapi hutupwa jaani na fundi wa bodi kabla ya mkaguzi kuziona.

Zikigongana tatu, suali tunalomuuliza wa mbele kabisa ni moja: ulisikia kishindo kimoja au viwili? Kimoja, mara nyingi maana yake wa kati alikuwa ameshasimama akasukumwa na wa tatu. Viwili, huenda wa kati aligonga mwenyewe kwanza, kisha akagongwa, na hapo deni linagawanyika. Mjibu trafiki hilo siku ile ile, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya watu.

Ukifikwa, waangalie watu kwanza. Aliyeumia apelekwe hospitali, ichukuliwe fomu ya polisi ya matibabu, PF3, na gari zisisogezwe mpaka polisi wafike, isipokuwa kwa kumuokoa mtu. Kama hakuna aliyeumia, piga picha kwanza ndipo msogee pembeni. Wengi hupiga bampa tu, karibu karibu. Rudi nyuma hatua ishirini: gari zote mbili, mstari wa njia, tuta, vioo chini, na namba. Omba namba ya simu ya shahidi asiyekuwa ndugu yako wala abiria wako. Trafiki akichora ramani ya ajali, itazame kabla ya kutia saini, na kama gari yako imewekwa siko, sema hapo hapo kwa adabu.

Usiseme "kosa langu, nitalipa", hata kwa uungwana. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukiri au kuahidi malipo bila ya ridhaa ya kampuni, na neno hilo moja linaweza kuiharibu hoja yako. Kumpa mtu pole ni jambo jengine, na halikuharibii kitu.

Najua kwetu watu hupenda kumalizana. "Yaishe, bwana." Sulhu si mbaya kwa mchubuko mdogo, lakini iandikwe: tarehe, namba za gari, kiasi, nani kalipa, mashahidi wawili, hata mbele ya sheha ikibidi. Na usitie saini ya "sina dai" jioni ile ile. Shingo iliyorushwa mbele na nyuma huanza kuuma siku ya pili.

Kumbuka pia bima uliyonayo. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga; gari yako mwenyewe haiitengenezi. Mwenye bima kubwa anaweza kutengenezewa kwanza, kampuni yake ikenda kudai kwa mkosa baadaye. Kwa vyovyote, toa taarifa haraka na usipeleke gari gereji kabla ya ukaguzi. Ukiona kampuni imekugawia kosa isivyo haki, omba sababu kwa maandishi, ijibu kwa picha zako, na ikishindikana peleka malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambayo ina ofisi hapa Zanzibar. Chukua nakala ya kila karatasi, na ile bampa ya zamani iweke nyumbani mpaka shauri limalizike.