Kimondo Nacho Huliwa na Kutu: Dhana Potofu na Ukweli kwa Wanaotunza Vimondo vya Chuma

Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kina tani 16 hivi na urefu wa mita 3, na kimekaa nje kikipigwa na jua na mvua. Hapo ndipo wengi hupata dhana ya kwanza: chuma cha angani hakishiki kutu. Kinashika. Ile rangi ya kahawia mwilini mwake ni kutu yenyewe. Zaidi ya asilimia 90 ya kimondo hicho ni chuma na karibu asilimia 8.7 ni nikeli, kiasi kisichotosha kukikinga. Kinachokiokoa ni ukubwa. Kutu huanza kula juu, na kwenye tani 16 eneo la juu ni dogo mno ukilinganisha na uzito. Kipande cha gramu 100 chenye unene wa milimita 5, kwa kila gramu, kina eneo kubwa kuliko hilo kwa makumi ya mara. Kiweke kabatini Dar es Salaam au Mombasa, kwenye unyevu wa zaidi ya asilimia 70 na upepo wenye chumvi, na kama kina klorini ndani kinaweza kupasuka katika miaka michache.

"Nikikipaka mafuta, basi." Dhana hii imeharibu vipande vingi. Maji hayafanyi kazi peke yake. Mwenzake ni klorini, ambayo sehemu kubwa hutoka udongoni kimondo kinapolala ardhini, ikajipenyeza kwenye nyufa. Klorini, unyevu na oksijeni vikikutana, chuma hugeuka kutu, kisha sehemu ya klorini huachiwa ikashambulie chuma kingine. Ndiyo maana kipande kilichosuguliwa kikang'aa hurudia kutu baada ya wiki mbili, palepale. Utaona matone madogo ya kahawia kama jasho, halafu magamba yanaanza kuinuka pembeni. Mafuta hayaitoi klorini hiyo. Yanaifunika tu, na siku ya matibabu yanazuia dawa kupenya.

Kipande kinachotoa jasho kitibiwe hivi. Kama kilipakwa mafuta, kioshe kwanza kwa asetoni. Ondoa kutu iliyolegea kwa brashi ya shaba, kisha kilaze kwenye chombo cha plastiki chenye lita 1 ya maji yaliyokenekwa na gramu 20 za kostiki soda. Maji hayo ni yale ya kuongezea betri za magari. Soma lebo, kwa sababu duka hilohilo huuza pia asidi ya betri. Maji ya bomba usiyatumie, yana klorini. Soda ndiyo inayomiminwa majini kidogo kidogo, si maji juu ya soda, na vaa glavu na miwani. Chombo cha alumini kitaliwa. Badilisha maji kila wiki. Kabla ya kuyamwaga, chota kidogo, tia asidi ya nitriki hadi yawe na uchachu, kisha dondoshea nitrati ya fedha. Yakigeuka meupe kama maziwa, klorini bado inatoka. Wiki kadhaa ni kawaida, na miezi pia.

Kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa, loweka siku nzima kwenye ethanoli ya asilimia 99, ibadilishe, urudie. Acha ethanoli iishe hewani, mbali na moto, ndipo ukaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi 80 kwa saa kadhaa. Nta nyembamba inafaa sasa, si kabla.

Makazi yake yawe chombo cha plastiki cha chakula, chenye kifuniko kinachobana, ndani mkiwa na silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) na kipima unyevu kidogo. Lenga chini ya asilimia 20. Silika jeli ikibadilika rangi, ikaushe kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Sanduku la mbao linapendeza macho, lakini mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi.

"Sumaku imenasa, basi ni kimondo." Sumaku hunasa pia madini ya chuma ya kawaida, na mavi ya chuma yaliyobaki kwenye tanuri za kale, kama malungu ya Ufipa, yanaweza kunaswa vilevile. Sugua jiwe kwenye mgongo wa kigae usio na rangi ya kung'aa: mstari mwekundu au mweusi mzito ni dalili ya madini ya duniani. Matundu ya mapovu yanaashiria mavi ya chuma. Kisha piga tupa pembeni. Chuma cheupe kinachong'aa kinastahili kupimwa nikeli, ambayo kwenye vimondo vya chuma kwa kawaida haipungui asilimia 5.

"Kimondo cha kweli lazima kionyeshe michoro kikikatwa." Si lazima. Mistari ile inayopishana hutokea pale chuma chenye nikeli kidogo na chenye nikeli nyingi vilipojitenga, kikipoa kwa nyuzi makumi hadi maelfu tu kwa kila miaka milioni. Kimondo cha Hoba cha Namibia, chenye tani 60 hivi, hakina michoro hiyo kwa kuwa nikeli yake ni nyingi, karibu asilimia 16. Na michoro ikiwepo, moto wa mhunzi huifuta, wala hairudi.

"Nimekiokota, ni changu." Mbozi inalindwa kama urithi wa taifa. Namibia inalinda vimondo vyake, na Argentina ilivitangaza kuwa mali ya utamaduni kwa sheria ya 2007, vikiwemo vya eneo la Campo del Cielo. Ulizia sheria kabla ya kununua au kusafirisha. Papo hapo unapookota, piga picha kikiwa bado ardhini, andika vipimo vya GPS vya mahali hapo, tarehe na uzito, na karatasi hiyo ikae na kipande daima. Ukitaka kimondo kipya kisajiliwe kimataifa, tenga gramu 20, au asilimia 20 ya uzito wote kama hiyo ni ndogo zaidi, ibaki kwenye taasisi kwa uchunguzi.