Kwa Nini Klabu Yetu Haikupeleki Lenana Moja kwa Moja

Mwanachama mpya akishalipa ada ya klabu, swali lake la kwanza ni hilo hilo: Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya kinachofikiwa kwa kutembea, tunapanda lini? Nami humjibu kwamba bado. Kwanza Ngong, kisha Longonot, kisha Elephant Hill, kisha Satima, halafu ndipo tutakaa tuzungumze habari za Mlima Kenya. Wapo wanaonuna. Wanajua kwamba kuna safari zinazoondoka Nairobi Ijumaa usiku na kurudisha watu Jumatatu, picha za kileleni zikiwa zimeshajaa kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa kuwa mimi ndiye ninayepanga safari za klabu yetu, naona ni haki yenu kujua ratiba hii imejengwa juu ya nini.

Tatizo la Mlima Kenya kwa mtu wa Nairobi ni kwamba uko karibu mno. Unashika Thika Road alfajiri, unapita Karatina, na kabla ya saa sita mchana uko Nanyuki. Lango la Sirimon liko mita 2,650 juu ya usawa wa bahari, na jioni hiyo hiyo unalala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Kesho yake jioni uko kambi ya Shipton, mita 4,200. Alfajiri inayofuata unasimama Point Lenana, mita 4,985. Mtu aliyekunywa chai Umoja Jumamosi asubuhi, kwenye mita 1,600 na ushei, anaweza kuwa kileleni Jumatatu jua linapochomoza. Ni sehemu chache duniani ambako mkazi wa jiji kubwa anaweza kupanda juu kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho bila kugusa kamba wala shoka la barafu. Njia yenyewe haimzuii, na wengi wetu miguu nayo haituzuii. Kinachomlaza mtu ni hewa.

Pale Lenana, presha ya hewa ni kama asilimia 55 tu ya ile ya Mombasa. Kila pumzi unayovuta inaingiza oksijeni pungufu, kwa hiyo mwili unaanza kupumua haraka na kwa kina. Hapo hewa chafu ya kaboni inatoka kwa wingi kuliko kawaida na uwiano wa asidi kwenye damu unavurugika. Figo ndizo zinazorekebisha uwiano huo, nazo hazina haraka. Zinahitaji siku kadhaa. Ndiyo maana siku ya pili mlimani mtu hukojoa sana usiku, jambo linalowaudhi walio hemani lakini linalonifurahisha mimi, kwa sababu linaonyesha figo zimeanza kazi. Usiku huo huo unaweza kumsikia mwenzako akiacha kupumua kwa sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi kubwa kama aliyezibuka kutoka majini. Mara ya kwanza linatisha sana. Ni jambo la kawaida kwenye miinuko, na mtu akiamshwa anakuwa mzima kabisa. Kuongeza chembe nyekundu za damu ni kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo kwenye safari ya siku nne au tano usiitegemee.

Matabibu wa milimani wana kanuni rahisi: ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ukae siku moja bila kupandisha kambi. Sasa tazama tena safari ya Sirimon niliyoieleza. Kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900 kwa usiku mmoja. Njia ya Naro Moru ni kali zaidi: kutoka Met Station, mita 3,050, hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200. Naro Moru inapendwa kwa sababu ni fupi, na ufupi wake ndio unaoumiza watu vichwa.

Kwa hiyo klabu yetu hulala usiku mmoja zaidi. Wenye mahema husimama karibu na kibanda cha Liki North, chini kidogo ya mita 4,000, kisha kesho yake wanaingia Shipton bila kuchoka. Tukiwa na kikundi cha watu wanaotaka vitanda, tunalala Shipton mara mbili: siku ya katikati tunapanda taratibu juu ya kambi hadi karibu na kibanda cha Kami, tunakaa huko muda wa kunywa chai, halafu tunarudi kulala pale pale. Siku hiyo inaongeza gharama ya wapagazi, ya chakula na ya kiingilio cha hifadhi kinacholipwa kwa eCitizen. Kila mwaka kuna anayeniuliza kama hatuwezi kuikata. Hapana. Afadhali nikate nyama kwenye bajeti ya chakula.

Basi ile ngazi ya Ngong hadi Satima ni ya nini, ikiwa mazoea ya hewa nyembamba hujengwa kwa kulala juu, tena hupotea wiki chache tu baada ya kushuka? Wengi hudhani tunakwea vilima hivyo ili mwili uhifadhi kitu cha kutumia baadaye. Hauhifadhi. Safari ya siku moja Satima mwezi wa tano haitakusaidia kupumua Shipton mwezi wa nane. Tunachotafuta huko ni kujuana. Nataka kujua nani hunyamaza akiumwa, nani hukimbia mwanzoni akakwama saa sita, nani husahau kunywa maji, na nani huweza kugeuka bila kinyongo akiambiwa hatufiki leo. Mambo hayo huwezi kuyajua kwenye mkutano wa kahawa mjini.

Ngong ni kipimo cha kwanza. Kilele chake kina mita 2,460, upepo wa kule juu unaweza kumyumbisha mtu mwembamba, na ule mpando na mteremko wa kilima baada ya kilima unachosha magoti. Hapo natazama viatu tu. Buti za Gikomba au za Toi ni nzuri kabisa, mimi mwenyewe navaa za huko, lakini zikunje kabla ya kulipa. Kiatu kilichokaa miaka mingi ghalani hubanduka soli siku ya kwanza ya kutembea, hata kama ngozi yake inang'aa. Bonyeza sehemu ya katikati ya soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na inatoa unga, iache sokoni.

Longonot, mita 2,776, hutufundisha vumbi na subira. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3 na ushei, na kuuzunguka ukingo ni zaidi ya kilomita 7 za kupanda na kushuka bila kivuli. Tunabeba lita tatu za maji kwa mtu. Anayeleta chupa moja ya nusu lita simfukuzi, ila najua nitamfuatilia kwa karibu safari ijayo.

Elephant Hill ndiyo inayowachuja watu. Iko upande wa Njabini, inakaribia mita 3,600, na inakutia kwanza kwenye msitu, kisha kwenye mianzi ambako tope linafika kwenye vifundo na wakati mwingine linabaki na kiatu chako. Ukitoka kwenye mianzi unadhani umemaliza, kumbe mgongo wa mlima ndio unaanza. Tunatembea na askari wa misitu kwa sababu ndovu si jina tu huko. Ni hapa pia ndipo baadhi ya wanachama huonja kwa mara ya kwanza kichwa kinachouma kwa ajili ya mwinuko. Mtu akijua ladha yake hapa, Shipton hatajidanganya kwamba ni njaa au usingizi.

Kisha Satima, mita 4,001, kilele kirefu kuliko vyote vya Aberdare. Kwa urefu wa njia si safari ngumu, lakini saa kadhaa unazokaa juu kule zinaonyesha mwili wako unasema nini hewa ikipungua. Kuna wakimbiaji wa mbio ndefu, watu wenye vifua vya chuma, ambao hapa huishiwa kabla ya mama wa miaka hamsini anayetembea kwa mwendo wa harusi. Nguvu za mazoezi haziukingi mwili dhidi ya ugonjwa wa mwinuko. Tena kijana mwenye nguvu yuko hatarini zaidi kwa kuwa anaweza kwenda haraka. Wanachama wetu wa Mombasa nawaomba wafike Nairobi siku mbili tatu kabla ya safari yoyote ya Aberdare au Mlima Kenya. Sisi wa huku tumeanzia juu kidogo, na hilo lina faida yake.

Mlimani penyewe sheria ni mbili. Maumivu ya kichwa yakija na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, hupandi tena hadi yaishe. Ya pili haina mjadala: akionekana mtu anahema akiwa amekaa tu, anakohoa makohozi ya povu, au anayumba, anashuka saa hiyo hiyo, iwe ni usiku wa manane. Kuhema na kukohoa huko ni dalili ya maji yanayojaa mapafuni, kuyumba ni dalili ya ubongo unaovimba, na hali zote mbili zinaweza kuua kwa muda wa saa chache. Kila jioni Shipton, baada ya chakula, tunachora mstari chini kwa fimbo na kila mtu anatembea juu yake, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, tochi za wenzake zikimmulika. Watu hucheka sana. Lakini mtu ambaye jana alipita bila shida na leo anatia mguu nje ya mstari, hata akisema yuko sawa, mimi siamini mdomo wake, naamini miguu yake. Dawa ya asetazolamidi husaidia figo kufanya ile kazi yao upesi zaidi, na baadhi ya wanachama huitumia baada ya kuonana na daktari. Haichukui nafasi ya kushuka.

Jambo moja la jikoni, kwa kuwa huwa nabishana nalo kila safari. Pale Shipton maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi. Chai itaiva, ila maharagwe hayataiva hata ukiyakesha. Githeri ichemshwe nyumbani, chapati zipikwe nyumbani, ndengu zije zimeshalainika. Juu tunapasha moto tu. Na kuleni hata kama hamna hamu.

Usiku wa kilele tunaamka saa nane na kuanza kutembea saa tisa. Si kwa ajili ya picha ya jua peke yake. Changarawe ya ule mteremko wa mwisho huwa imeganda na kushikamana, ambapo mchana inakurudisha hatua moja kila ukipiga mbili. Mawingu nayo mara nyingi hufunika vilele kabla ya mchana. Chupa ya maji igeuzwe mdomo chini begini, kwa sababu barafu huanzia juu na hutaki izibe mdomo. Karibu na kilele kuna vyuma vilivyopigiliwa mwambani vya kushikilia. Vaa glavu, kwa sababu vyuma hivyo vina baridi kali. Lenana palepale ndipo Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963, naye alipanda kwa vifaa hafifu kuliko vyetu.

Kuna wanaojiunga nasi kwa ajili ya theluji. Ipo, lakini mara nyingi huanguka usiku na kufikia mchana imekwenda. Barafu ya Lewis, iliyo chini ya Lenana, ndiyo kubwa kuliko zote zilizobaki mlimani, na imesinyaa mno hata ukilinganisha na picha za miaka ya tisini. Inaniuma kuitazama. Hakuna mahali pa kutelezea kwa skii hapa nchini; Philip Boit, aliyetuwakilisha kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998, alilazimika kwenda Ufini kujifunza. Wanaotaka kamba na mwamba tunawaanzisha Lukenya, na wakikomaa wanaweza kuifikiria Nelion, kilele kingine cha Mlima Kenya, mita 5,188. Hiyo hupandwa upande wa kusini-mashariki kati ya Desemba na Machi, jua likiwa kusini na mwamba ukiwa mkavu. Kuanzia Juni hadi Oktoba mambo hugeuka, uso wa kaskazini ndio unaokauka na wa kusini unashika barafu.

Kwa wengine wote, safari ya Lenana mwaka huu tunaifanya Agosti, tukipanda Sirimon na kushuka Chogoria kupitia vijiziwa vya Hall Tarns, ambako utaliona Ziwa Michaelson likiwa chini kabisa kwenye korongo. Nafasi zinapewa kwanza waliofika Satima. Ngong ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, tunakutana mjini Ngong saa moja asubuhi. Lete lita mbili za maji, koti la mvua na kofia inayokaza kichwani, na viatu uwe umevivaa wiki nzima kabla ya siku hiyo.