Upasuaji wa kupunguza uzito si njia ya mkato

Wengi hudhani kwamba aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito amekwepa jasho, kana kwamba kisu humaliza kazi yote. Ni kweli kwamba katika aina moja inayofanywa sana daktari huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, lakini kazi ya mgonjwa ndiyo kwanza huanza. Majuma ya mwanzo hunywa vimiminika tu, funda dogo dogo, na funda moja la pupa laweza kumletea maumivu na kutapika. Miezi michache baadaye nywele za wengi hunyonyoka (hili huwatisha kuliko kidonda chenyewe), ingawa kwa kawaida huota tena. Vitamini hutumiwa maisha yote.