Si lazima uwe daktari ili utafiti picha za hospitali

Hapa Chake Chake, kijana akisema anataka kutafiti kwa kompyuta picha za eksirei na CT (eksirei za pande nyingi zinazounganishwa kuonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande), huambiwa: "Basi kasomee udaktari kwanza." Nimelisikia hata kwa walimu wa skuli, na linaniuma, maana linawafukuza wale hasa wanaohitajika: wapenzi wa hesabu na fizikia.

Mashine ya CT yenyewe haikubuniwa na daktari. Godfrey Hounsfield, Mwingereza, alikuwa mhandisi asiye na shahada ya chuo kikuu. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekwishapiga hesabu za jambo hilo kabla yake, alikuwa mwanafizikia. Mwaka 1979 waligawana Tuzo ya Nobel, tena ya tiba!

Kwa kompyuta, picha ile ni jedwali la namba tu. Katika CT maji ni 0, hewa ni -1000, na mfupa hufika mamia na kuzidi. Mtafiti huandika programu ya kutafuta namba zinabadilika ghafla wapi, ini linaishia wapi, uvimbe umekua kiasi gani tangu picha iliyopita. Hiyo ni hesabu.

Daktari yumo, na nafasi yake ni kubwa: ndiye anayechora ukingo wa uvimbe kwenye picha za kufundishia programu, na ndiye anayepima kama jibu lina maana kwa mgonjwa. Mtafiti asiyekaa naye hupotea. Lakini kukaa na daktari si kuwa daktari. Mwanafunzi wa Pemba anayeitaka njia hii na ashike hesabu, fizikia na kompyuta. Biolojia pia asiitupe.