Kufunga ukuta: mpangilio kwanza, saruji baadaye

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaojenga ni moja: "Fundi, mfuko mmoja wa saruji utapandisha matofali mangapi?" Ni nadra mtu kuniuliza matofali yatafungwaje, yaani yatapangwaje ili yashikane, au kona itapishanaje. Bei ya saruji tunaijua wote, na tumezoea kuamini kwamba ukuta ulioongezewa saruji umeongezewa nguvu. Ninaandika haya kwa mwenye nyumba anayesimamia saiti yake mwenyewe, na kwa kijana anayeanza kushika mwiko. Ukuta wa mawe au wa matofali husimama kwa uzito wake na kwa namna kila kipande kilivyokalia vya chini yake. Mota, yaani mchanganyiko wa mchanga na saruji au chokaa, inakipa kila kipande mahali pa kulala bila kucheza, na inaziba njia ya upepo na maji. Mpangilio ukiwa mbovu, hakuna saruji itakayouokoa.

Ushahidi upo pwani yetu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, magofu ya Gede, nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zote zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954 na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Kufikia hapo kuta za Kilwa zilikuwa na karne nyingi zimesimama. Na chokaa si kitu kigumu; mota yake unaikwangua kwa msumari. Zilichonazo kuta zile ni unene, mawe yaliyolazwa vizuri, na mafundi waliojua uzito unapita wapi.

Tuanze hapo basi, kwenye uzito. Ukuta unabeba vizuri sana kitu kinachoukandamiza kutoka juu. Unashindwa na kitu kinachouvuta au kuusukuma ubavuni. Paa, mkanda wa zege unaozunguka nyumba, na kozi (safu za matofali) zote za juu zinashusha mzigo, na kila tofali linapokea mzigo huo na kuugawa kwa matofali mawili yaliyo chini yake. Hapo ndipo inapotoka kanuni kuu ya kazi hii: mshono wa wima usifuatane na mshono wa wima wa kozi ya chini. Mishono ikifuatana, mzigo haugawanyiki tena. Unashuka kwenye nguzo nyembamba zilizosimama bega kwa bega bila kushikana, na msingi ukizama kidogo upande mmoja ufa unapanda moja kwa moja kutoka chini hadi juu. Kwa tofali la saruji la sentimita 45, kawaida ni kulikalisha nusu kwa nusu. Kona au dirisha likikulazimisha kukata tofali, upishano usipungue robo ya urefu, yaani sentimita 11 hivi.

Kanuni hiyo hiyo inatawala kona na makutano. Kwenye kona, kozi moja tofali la ukuta wa mbele linapita mpaka nje, kozi ya juu yake linapita la ukuta wa ubavuni. Ukuta wa ndani wa kugawa vyumba nao uingie kwenye ukuta wa nje tangu kozi ya kwanza. Kama unaujenga baadaye, acha meno kwenye ukuta wa nje ili kozi zake ziingie humo. Nimeona nyumba nyingi nzuri zenye ufa wa wima pale ukuta wa chumba unapokutana na wa nje, na mwenye nyumba anamlaumu mpiga lipu. Lipu haina kosa. Kuta mbili zimegusana tu, hazijafungwa.

Kwenye ukuta mnene wa matofali ya kuchoma, kama zile nyumba za zamani za misheni huko Iringa na Songea, kufunga kunafanyika pia kwa upana. Kozi moja matofali yanalala mawili sambamba kufuata urefu wa ukuta, kozi inayofuata yanageuzwa yakate ukuta kutoka uso wa nje mpaka wa ndani. Ukilaza kozi zote kwa urefu tu umejenga kuta mbili nyembamba zilizosimama pamoja, kila moja na safari yake.

Sasa mawe, maana hapa ndipo ufundi unapoonekana. Tofali limeshakatwa umbo na mtu mwingine. Jiwe la kuokota au la kupasua linakutaka ufikiri kila mara. Ukuta wa mawe yasiyochongwa una nyuso mbili na tumbo la katikati, na ni vigumu kuujenga vizuri chini ya sentimita 40 za unene. Mawe makubwa yanakaa chini na kwenye kona. Jiwe la tabaka linalazwa kama lilivyokuwa limelala ardhini, tabaka zikiwa usawa. Ukilisimamisha, linabanduka vipande kwa mvua na mzigo. Urefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta. Hili wengi hawalipendi, kwa sababu jiwe likigeuzwa uso wake mpana ukatazama nje linajaza eneo kubwa upesi na kazi inaonekana inakwenda, lakini ndani limeshika sentimita chache tu na halina linachoshikana nacho.

Namna ya kulijua jiwe limekaa ni hii. Liweke kwanza pakavu, bila mota. Weka viganja viwili kwenye pembe zake na ulikandamize kwa zamu, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Likicheza, ligeuze, utafute upande mwingine, au upunguze kijino kinacholinyanyua kwa nyundo. Likishatulia lenyewe, liinue, tandaza mota, lirudishe palepale na uligonge mpaka mota itoke pembeni. Kijiwe cha kabari kinaingizwa kutoka ndani, kikiwa kimegongwa kikakaza. Jiwe linaloshikiliwa na mota tu wakati unaliweka litaendelea kushikiliwa na mota tu maisha yake yote, na mota ikianza kuliwa na mvua litakuwa la kwanza kutoka.

Tumbo la katikati lijazwe vijiwe vilivyopangwa kwa mkono na mota iliyosukumwa mpaka kila pembe. Kumwaga kifusi humo ni kuficha ubovu. Halafu yanakuja mawe ya kufunga: jiwe refu linalopita kutoka uso hadi uso, angalau moja kwa kila mita ya mraba, yakipishana kutoka mstari hadi mstari. Kama ukuta ni mnene kuliko mawe uliyonayo, tumia mawili yanayoingia moja kutoka kila upande na kulaliana katikati. Ukuta usio na mawe haya unaweza kuonekana mzuri kwa miaka mingi, kisha nyuso zinaanza kuachana, maji yanaingia, na siku moja unaona umetoa tumbo. Ukifika hapo, kupaka lipu juu yake ni kupoteza fedha. Bomoa sehemu ile, ujenge upya.

Kuna jambo linaloniuma kuhusu kuta za matumbawe za pwani. Jiwe la matumbawe lina vitundu na linapitisha unyevu, na chokaa nayo inapitisha. Chokaa ile ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo la magogo, kuyazima kwa maji, kisha mota yake ikakomaa polepole ukutani kwa kurudisha hewa ya ukaa iliyotoka wakati wa kuchoma. Ukuta wa namna hii unanyonya maji ya ardhini na ya mvua, kisha unayatoa hewani. Anakuja mtu na nia njema, anakwangua lipu ya chokaa iliyochoka, anapiga lipu nene ya saruji. Unyevu unakosa pa kutokea. Chumvi inakusanyika nyuma ya saruji, jiwe linageuka unga, na lipu inabanduka na vipande vya ukuta. Nyumba ya chokaa irekebishwe kwa chokaa. Ni kazi ya kusubiri, na mafundi wanaoijua bado wapo Lamu na Zanzibar. Watafuteni kabla hamjaita mtu wa saruji.

Hilo linatupeleka kwenye mota ya nyumba za leo. Mota iwe dhaifu kidogo kuliko jiwe au tofali inalolibeba. Nyumba ikisogea, na kila nyumba inasogea, ufa upite kwenye mshono, ambao unazibika, usipasue matofali. Kwa ukuta wa kawaida wa matofali ya saruji, sehemu 1 ya saruji kwa 6 za mchanga inatosha kabisa. Kwenye msingi au mahali penye unyevu unaweza kushuka mpaka 1 kwa 4. Pima kwa ndoo au kwa boksi la kipimo; koleo moja limejaa na jingine halikujaa. Mshono uwe wa milimita 10 hivi, usizidi 15. Mota iliyochanganywa itumike ndani ya saa 2 au karibu na hapo, na iliyoanza kukaza isiongezwe maji ikarudishwa kazini.

Mchanga wa baharini una chumvi, usiutumie. Mchanga wa mtoni au wa shimo ujaribu kwa chupa: tia mchanga nusu, maji mpaka karibu na juu, tikisa, acha mpaka maji yatulie na kuwa meupe. Udongo utakaa juu ya mchanga kama tabaka laini. Likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshwe au ukataliwe. Tofali la kuchoma lililoiva ukiligonga na mwenzake hulia kama chuma, na ukiliangusha kutoka usawa wa kiuno halivunjiki. Lichovye majini kabla ya kulijenga, kwa sababu likiwa kavu linanyonya maji ya mota na kuiacha unga. Tofali la saruji ni tofauti: linyunyizie tu. Lililolowa chapachapa litasinyaa likikauka ukutani na kuleta nyufa. Na tofali la saruji lisilomwagiliwa maji walau siku 7 baada ya kufyatuliwa halina nguvu, hata muuzaji aape vipi.

Kusimamisha ukuta kunaanza na kona. Pembe ya mraba inapatikana kwa 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mstari unaounganisha ncha hizo ukiwa mita 5 kona yako ni sawa. Inua kona kozi tatu au nne, hakikisha wima kwa timazi, ile kamba yenye uzito nchani, na usawa kwa pima maji, kisha funga kamba kati ya kona na kona na ujaze katikati ukiifuata bila kuigusa. Usipandishe zaidi ya mita 1.2 mpaka 1.5 kwa siku. Mota ya chini ikiwa bado mbichi inakamuliwa na uzito wa juu, na ukuta unaondoka kwenye timazi huku unautazama. Kila jioni mwagilia, na siku za jua kali ufunike.

Mpaka hapa nimezungumzia mzigo unaoshuka. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, na kuta nyingi zilizopasuka au kuanguka zilikuwa za matofali yasiyo na nondo wala mkanda wa zege. Tetemeko linasukuma ubavuni, na ubavuni ndipo ukuta ulipo dhaifu. Dawa yake ni mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima bila kukatika juu ya milango na madirisha, kuta zilizofungana kwenye kona, na madirisha yasiyosogea sana pembeni mwa nyumba. Mafundi wa Kenya wanaojenga kwa mawe ya kuchonga hulaza utepe mwembamba wa chuma ndani ya mota kila baada ya kozi moja au mbili. Ni desturi nzuri, natamani tungeiiga. Kwenye mlango au dirisha lisilopitiwa na mkanda, linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi huo, ikae juu ya ukuta walau sentimita 20 kila upande.

Ukuta wa uzio unahitaji tahadhari hiyo hiyo, kwa kuwa hauna paa la kuukandamiza wala chumba cha kuushika. Tofali la inchi 6 likipandishwa mita 2 kwenda juu, linahitaji nguzo kila mita 3 hivi, na nafasi ya kupumua, yaani mwanya wa wima, kila mita 6 ili kusinyaa kusiupasue. Kama udongo wa jirani uko juu kuliko wako, hiyo si kazi ya uzio tena, ni ukuta wa kuzuia udongo. Uchorewe na mhandisi na uwekewe matundu ya kutoa maji.

Na kabla ya kumruhusu mpiga lipu, zunguka nyumba yako yote ukuta ukiwa bado mtupu. Fuata mishono ya wima kwa macho kutoka chini kwenda juu. Angalia kila kona na kila mahali ukuta wa ndani unapokutana na wa nje. Chukua msumari uchokoe mota sehemu mbalimbali: ikimwagika kama mchanga mkavu, ama haikumwagiliwa ama ilipunjwa saruji. Shusha timazi kutoka juu kila pembe. Kilicho kibovu mwoneshe fundi siku hiyo hiyo akibomoe, kabla hajalipwa sehemu ya mwisho.