Rangi ya mto iko chini ya maji: Tsavo katika skeli ya 1:87

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye reli za mfano ni mto uliopakwa buluu. Mto Tsavo, ninaouunda sasa chini ya daraja la reli ya zamani ya Mombasa–Nairobi, hauna buluu hiyo. Hulishwa na chemchemi za Mzima, maji safi kama kioo. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu wa nyikani huteremka, na mto ukageuka chai ya maziwa. Kwa hiyo kabla ya kushika brashi niliamua msimu: kiangazi, maji yamepungua, kingo ziko wazi.

Katika 1:87, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 87, reli yenye upana wa mita moja kati ya vyuma vyake huwa milimita 11.5, njia za mfano zinazouzwa ni za milimita 12, tofauti ambayo jicho halioni. Lakini mtoni vipimo havisamehe. Kina cha mita moja ni milimita 11.5 tu, na punje ya mchanga ya milimita moja huwa jiwe la karibu sentimita 9. Ndiyo maana mchanga wangu naupitisha kwenye chujio la chai, kisha kwenye soksi nyembamba ya nailoni. Unaobaki kwenye chujio hautupwi, ndio kokoto za ukingoni.

Sakafu ya mto ndiyo kazi yenyewe. Maji yangu ni resini, kimiminika kinachoganda kikawa kama kioo; haina rangi, na kina unachokiona ni rangi iliyo chini yake. Katikati ya mkondo napaka kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi, kuelekea kingo hudhurungi, na pale maji yanapoishia nafika kwenye wekundu wa udongo wa Tsavo. Rangi hizi nazichanganya zingali mbichi, zisiachane kwa mstari. Upande wa nje wa kila kona weusi nausogeza karibu na ukingo, kwa sababu huko mkondo una nguvu na huchimba. Upande wa ndani ndiko mchanga hutua. Mtu aliyekulia kando ya mto atalitambua hilo hata asipojua kwa nini.

Kabla ya kumimina, ziba kila ufa. Mto wangu wa kwanza ulivuja usiku kucha kupitia tundu dogo kuliko ncha ya sindano, na asubuhi nikaukuta umegandia sakafuni mwa chumba. Siku hizi napaka gundi nyeupe ya mbao mara mbili, naiacha ikauke, ndipo naamini.

Resini ya epoksi naimimina kwa tabaka za milimita 3. Ikimiminwa nene hupata joto na kupasuka. Pima sawasawa na maelekezo ya chupa yako, vaa glavu, fungua madirisha. Kwetu Mombasa unyevu ni adui mkubwa: epoksi ikigandia kwenye hewa nzito, uso wake huwa na ukungu wenye utelezi. Nasubiri siku kavu. Viputo navipitishia hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali, vinapanda na kupasuka.

Ikishaganda, huwa bapa kama kioo cha meza, na mto unaotiririka hauko hivyo. Hapo natumia jeli ya akriliki inayong'aa, naigongagonga kwa brashi ngumu kufuata mkondo. Kwenye nguzo za daraja viwimbi hujikusanya upande maji yanakotoka, na upande wa pili hubaki mkia wa maji yaliyotulia. Povu ni nukta chache za rangi nyeupe kwenye brashi iliyokaribia kukauka, mbele ya nguzo tu.

Mwisho kabisa napanda mikoma ya ukingoni, mashina yake ya waya wa shaba yakigawanyika panda kama ya kweli. Naipanda maji yakiwa tayari, ili nikiinama usawa wa reli, injini ya mvuke ya Garratt, ya daraja la 59, yenye rangi ya damu ya mzee, ikivuka, nione mahali kivuli cha kila mti kinapoangukia na niusogeze hadi kivuli kiguse maji.